Kishingo Aliyerudi na Sanda Mguuni

Mlionitumia ujumbe wiki nzima kuuliza ni nani aliyekuwa akigonga mlango wa jikoni saa saba mchana, haya, mlango unafunguliwa. Mwenye presha ampe mwenzake gazeti amsomee polepole.

Fundi aliuvuta mlango. Hakuona mtu.

Akashusha macho chini. Akapiga ukelele.

Kizingitini alisimama Kishingo, yule tetea asiye na unyoya hata mmoja shingoni. Kishingo huyo huyo ambaye Fundi alimzika jana jioni kando ya uzio, kwa mikono yake mwenyewe, akanawa, akaingia ndani kupika. Manyoya yamejaa udongo. Kichwa kinaning'inia, na kila akipepesuka kinagonga bati la mlango. Ko. Ko. Ko.

Mguuni anakokota kitambaa cha maua ya zambarau, kile alichozungushiwa kabla ya kutiwa shimoni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu alikuwa mwenyeji, na mguuni alikuwa na sanda.

"Wifi, funga mlango!" Sauti ilitoka juu. Wifi, dada wa mumewe Fundi, alikuwa ameshapanda meza ya jikoni, mwiko mkononi. "Funga! Huyo si kuku huyo!"

"Ni Kishingo."

"Kishingo tulimzika!"

"Nilimzika mimi. Wewe ulikuwa kwenye simu."

"Ndiyo nasema! Aliyezikwa harudi kuomba pumba! Huyo katumwa."

"Katumwa na nani?"

Wifi alitazama picha ya marehemu mama yake pale ukutani, akaushusha mwiko taratibu.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa sababu umefungiwa misumari, nikupe habari kwa ufupi. Fundi ni mkamwana wa nyumba hii, anaitwa hivyo kwa ajili ya cherehani yake pale barazani. Mumewe anafanya kazi mbali. Mama mkwe alifariki miezi mitatu iliyopita, akaacha kuku kumi na tisa aliowalea kwa mikono, bila dawa hata moja ya dukani. Tangu afariki, kuku wanaanguka mmoja mmoja. Wamezikwa kumi na wawili, wamebaki saba. Na huyu Kishingo sasa, hata mimi sijui nimhesabu upande gani.

Ingekuwa ni kuku tu, nisingewasumbua na hadithi hii. Tatizo ni Mzee.

Mzee, mume wa marehemu, ni seremala aliyestaafu. Tangu msiba, anakula akishawalisha kuku wa mkewe, la sivyo hali. Wiki tatu zilizopita aliwaita Fundi na Wifi, akawaambia maneno haya na wala hakupandisha sauti: "Siku kuku wa mwisho wa mama yenu akiondoka, msinipikie tena." Nao wanamjua. Mzee huyu aliwahi kusema hatavuta tena sigara, akaizima ikiwa nusu, na hajaigusa kwa miaka thelathini.

Sasa mnaelewa kwa nini Fundi hakumfukuza yule kuku. Aliinama, akambeba.

"Umemshika!" Wifi alilia. "Jamani, wifi yangu amemshika!"

"Ana joto," Fundi alisema. "Anapumua."

Kishingo alijaribu kuinua kichwa. Shingo ile tupu ilikataa. Kikabaki kimelala kwenye mkono wa Fundi, kope zimeshuka nusu, jicho moja linamtazama.

Fundi alimpigia simu daktari wa mifugo, akamwachia Wifi amri ya kumlinda kuku, amri ambayo Wifi aliitekeleza akiwa bado mezani. Kisha akakimbilia uzioni.

Shimo la jana lilikuwa wazi.

Mbwa? Hapana. Mbwa hachimbi kwa adabu. Udongo ulikuwa umerundikwa upande mmoja, kingo zimenyooka, na chini palionekana alama ya koleo. Fundi akachukua jembe, akafukua kaburi la jirani, la yule jogoo mdogo wa wiki iliyopita.

Tupu.

Akafukua la tatu. Tupu. La nne, tupu. Udongo juu ulikuwa umerudishwa vizuri, hata majani makavu yametandazwa, lakini chini hamna kitu. Alipofika la sita alitupa jembe, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Nilikwambia." Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, woga wa kubaki peke yake na Kishingo ulikuwa umemteremsha mezani. "Mama anachukua kuku wake. Mmoja mmoja. Akimaliza kuku atamchukua baba."

"Wifi, usiseme hivyo."

"Nisiseme, nisiseme! Nani kafukua basi? Wewe?"

Nawaambia ukweli, siku ile Fundi aliamini. Alikuwa ameishi na mama mkwe miaka tisa, akamjua kwa wivu wake juu ya kuku wale. Mama yule asingeshindwa kurudi.

Pikipiki ikanguruma langoni.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mvua na maneno machache. Alimweka Kishingo juu ya gunia barazani, karibu na cherehani. Akamwinua kichwa, akakiachia. Kikaanguka. Akavuta unyoya mmoja wa bawa. Ukatoka bila kubisha.

"Mlimdhania kideri?" aliuliza.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Wote. Nikasema ni kideri, kinamaliza banda."

"Kuku wa kideri shingo inajipinda. Anahara kijani, anakoroma. Hawa walikoroma?"

"Hapana. Walikuwa wanalegea tu. Miguu kwanza, halafu mabawa, halafu shingo. Halafu wanakufa."

"Ulijuaje wamekufa?"

Fundi akamtazama. "Si walikuwa hawatikisiki?"

Daktari akagusa ukingo wa jicho la Kishingo kwa ncha ya kidole. Kope ikacheza, kidogo tu.

"Huyu jana ulimgusa jicho?"

"Sikumgusa."

"Hakuwa amekufa. Ni sumu, inalegeza misuli yote. Kuku analala chini kama kitambaa, huoni akipumua mpaka uangalie sana, lakini yumo ndani. Akipata sumu kidogo, siku moja au mbili anainuka mwenyewe."

Wifi akapiga makofi ya shukrani. Mzimu umekwisha! Kuku alikuwa mgonjwa tu! Lakini Fundi hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Daktari," alisema. "Nimezika kumi na wawili."

Daktari akaendelea kumpapasa Kishingo.

"Wangapi walikuwa hai?"

"Mama, usijiulize hilo."

"Nauliza."

"Sijui. Wengine walikuwa wamekufa kweli. Sumu ikifika kifuani, pumzi inakatika." Daktari alifungua mkoba wake haraka, kama mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo. "Mnawalisha nini?"

Hapo Fundi alijibu kwa fahari, maana kila kitu alikifanya kama mama mkwe alivyomfundisha. Pumba na dagaa waliosagwa. Kitunguu saumu kwenye maji kila Jumatatu. Majani ya mwarobaini wakianza kupiga chafya. Majivu kwenye karai waoge, utitiri ukimbie. Mbegu za papai kwa minyoo.

"Yote mazuri. Na funza?"

"Mama alikuwa na chungu cha funza. Pumba na samadi kavu, unanyunyizia maji, unafunika. Tulikivunja baada ya msiba, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukifunua."

"Kwa hiyo hawali funza."

"Hawali."

Daktari alimlaza Kishingo kichwa chini, akakiminya kile kifuko cha chakula pale kifuani. Maji machafu yakatoka mdomoni. Na ndani ya maji, vitu vyeupe, vinene, bado vinajinyonga.

Fundi alibaki mdomo wazi. Wifi alirudi mezani, safari hii ya barazani, akaangusha mkasi na pindo la gauni la mteja.

"Mtu anawapa," daktari alisema. "Funza wa mzoga. Mzoga ukioza mahali pasipo na hewa, ile sumu inajitengeneza humo. Funza anaila, yeye haimdhuru. Kuku akila funza wachache tu, kwisha. Na kuku huyo akifa mkamwacha hapo, naye anazaa funza wengine. Ndiyo maana wanaanguka hawakomi. Tafuteni mzoga. Sasa hivi, kabla hao saba hawajaenda kula."

Hao saba! Ilikuwa karibu saa tisa. Fundi akatazama banda. Mlango wazi. Hakuna kuku hata mmoja.

Alikimbia. Daktari nyuma yake, Wifi nyuma ya daktari huku akiuliza kwa nini wanakimbia. Wakazunguka choo, wakapita rundo la mbao kuukuu, wakafika nyuma ya stoo, mahali ambapo tangu msiba Fundi hakuwa na shida ya kufika.

Kuku saba walikuwa wamekaa duara, vichwa juu, wanangoja.

Juu yao, kwenye boriti ya paa, ilining'inia ndoo yenye kifuniko. Chini ya ndoo matundu yametobolewa kwa msumari, kwa vipimo, yamepangwa safu tatu zilizonyooka. Tone moja jeupe likaanguka. Kuku wa mbele akalidaka kabla ya Fundi hajamfikia.

"Wafukuzeni!" daktari alipiga kelele.

Vurugu gani hiyo! Wifi na kanga yake, Fundi na fagio, daktari akiwarushia kuku viatu vyake vya mvua. Wakawafungia bandani wote saba. Ndipo pua zikapata nafasi ya kufanya kazi. La kuvunda halina ubani, ndugu zangu, na harufu iliyokuwa nyuma ya stoo ile siwezi kuiandika gazetini.

Lakini Fundi hakuwa anatazama ndoo. Alikuwa anatazama ukuta.

Kwenye msumari mmoja, vitambaa alivyowazikia kuku vilikuwa vimetundikwa. Cha bluu cha sare za shule. Cha mistari. Cha hudhurungi kilichobaki kwenye suti ya bwana arusi. Alivihesabu, kumi na kimoja. Vyote vimefuliwa. Vyote vimekunjwa mara mbili, pembe kwa pembe.

Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu anayepima kabla ya kutoboa na kukunja kabla ya kutundika.

"Msiiguse hiyo ndoo," sauti ilisema.

Mzee alisimama kwenye kona ya stoo. Mkono mmoja umeshika koleo, mwingine umeshika bakuli la pumba. Alikuwa amevaa shati alilovaa siku ya mazishi.

"Baba," Fundi alisema. "Ni wewe?"

"Mama yenu aliniomba kuku wake wasitupwe. Alisema kwa kunong'ona, sauti ilikuwa imeanza kukatika. Nikamwahidi." Mzee aliitazama ndoo kwa upendo. Ndiyo, kwa upendo, sina neno jingine. "Wewe ukawa unawapeleka uzioni, unawafunika udongo, mwisho. Nikaona hapana. Hapa aliyekwenda anamlisha aliyebaki. Wote wanakuwa bado kwake."

"Na Kishingo?"

Uso wa Mzee ukang'aa. "Kishingo, mama yenu alimchukua mwenyewe! Jana nilimfukua kabla hujamaliza kunawa mikono. Alikuwa na joto. Nikasema ni joto la udongo, jua lilikuwa limewaka kutwa. Nikamlaza hapa nikafuate kisu. Nirudi, hayupo. Mwanangu, nilikaa hapa mpaka giza likaingia, nikawa nazungumza na mama yako. Kwa mara ya kwanza tangu aende."

Hebu jiweke mahali pa Fundi. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, wahenga walisema. Hawakusema ukifanye nini kikiwa ni baba mkwe wako ambaye miezi mitatu hajatabasamu, na leo anatabasamu.

Fundi alitaka kunyamaza. Angeitoa ndoo kimya kimya, angesema imeanguka. Alimkonyeza daktari.

Daktari hakuona. Au aliona, lakini kuku ni kuku na kazi ni kazi.

"Mzee, hii ndoo ndiyo inayowaua."

"Inayowaua akina nani?"

"Hawa wa mama. Wote, tangu alipokufa wa kwanza. Sumu imo humu."

Wifi akalipuka. "Kumbe ni wewe, baba! Na mimi usiku silali nasema mama, mama, kumbe..."

"Wifi, nyamaza!" Fundi alisema.

Bakuli likaanguka. Pumba ikamwagika kwenye viatu vya Mzee, naye hakuitazama. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki peke yake usoni, macho yakiwa yameshaelewa.

"Nimewaua mimi," alisema.

"Hukujua, baba."

"Kuku wake. Mkono wangu."

Fundi alimshika mkono, akamkalisha juu ya mbao. Daktari alitaka kutengeneza alichoharibu, akasema haraka kwamba bado kuna nafasi. Ndoo izikwe kina kirefu na chokaa juu. Kuku wanyweshwe maji yenye chumvi ya haluli yaoshe tumbo, kisha maji safi kidogo kidogo kwa bomba la sindano. Atakayelegea awekwe kivulini, kichwa kiinuliwe kwa mto wa kitambaa asije akapaliwa. "Hawa saba wana nguvu. Na Kishingo ameshapita pabaya. Ukiwasimamia wewe mwenyewe, mzee, watapona."

Watapona! Fundi alisikia machozi yanamjia. Nane! Nyumba ina kuku nane, na kuku nane ni sahani ya chakula mbele ya Mzee kila siku. Alikwenda barazani, akamleta Kishingo, akamweka mapajani kwa Mzee.

"Mshike, baba. Tazama. Yu hai."

Mzee alimshika. Alipapasa ile shingo tupu. Fundi akafikiri, hata mimi nilifikiri, kwamba mambo yamekwisha salama.

"Daktari," Mzee alisema. "Alipokuwa shimoni. Alikuwa anasikia?"

Daktari alisita. "Akili haiguswi na sumu hii, mzee. Inashika misuli tu."

"Kwa hiyo alisikia udongo."

"Huenda."

Mzee aliendelea kupapasa. "Mama yenu kope zilimlegea siku tatu. Miguu ikakataa. Sauti ikakatika. Shingo nikawa naiwekea mto huku na huku."

Daktari alisimama wima. "Mzee, mtu si kuku."

"Sijauliza kama mtu ni kuku. Nimeuliza kama anasikia."

"Mama alipimwa na nani? Hospitali walisema nini?"

Siku ya msiba mvua ilikuwa imekata barabara. Gari la hospitali halikufika. Mama alifia chumbani asubuhi, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshazikwa, kwenye kilima nyuma ya shule.

"Mimi nilikuwa nimemshika mguu," Mzee alisema. "Ulikuwa na joto. Nikasema ni joto la blanketi."

Wifi alikaa chini.

"Nani alisema amekwenda?" Mzee aliuliza.

Wifi aligeuza kichwa polepole, akamtazama Fundi.

Ndiyo. Ni Fundi aliyeweka kiganja mbele ya pua ya mama mkwe, akahesabu mpaka mia moja, akasikia hakuna kitu. Ni yeye aliyesema neno lile, na watu wote chumbani wakaanza kulia. Mtu mwingine hakuangalia, maana yeye ndiye aliyekuwa na mikono isiyotetemeka.

"Ni mimi, baba."

"Ulijuaje?"

Daktari alimtikisia kichwa Fundi kwa nguvu. Nyamaza, mama. Sema ulijua. Fundi aliona, akaelewa, na uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini miezi mitatu alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake, analala nao na kuamka nao, na leo ulimshinda.

"Sikujua, baba. Nilimfumba jicho la kushoto, likafumbuka. Nikalifumba tena. Likafumbuka tena, likanitazama. Nikalibana kwa kidole mpaka likatulia."

"Hutokea, mzee," daktari alisema, sauti imepanda. "Hutokea hata kwa maiti! Kope huwa inarudi, haina maana kwamba..."

Mzee hakumsikia. Alisimama, akamweka Kishingo mikononi mwa Fundi kwa uangalifu, akamwinulia kichwa kisilale vibaya. Akachukua koleo. Akapita mbele yao, akapita banda, akafika langoni, akalifungua.

"Baba!" Wifi alipiga kelele. "Unakwenda wapi na koleo?"

Mzee hakugeuka.

"Kumsikiliza mama yenu."